Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeweka kisu chini

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, Februari 28, 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Hata hivyo alisomea udaktari Dublin, akawa daktari wa upasuaji, na mwaka 1946 akatumwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwita aone mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu akaona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Akafungua madaftari ya hospitali, akagundua kwamba ni saratani moja. Maandishi yake juu ya ugonjwa huo yalitoka 1958.

Kisu hakikusaidia. Uvimbe hukua kwa siku chache na hutokea sehemu nyingi kwa pamoja. Kukata taya kulimharibu mtoto sura bila kumponya. Mashine ya mionzi haikuwepo Uganda. Basi Burkitt akajaribu dawa, hasa methotrexate na cyclophosphamide, kwa dozi chache tu. Watoto wengine walipona kabisa. Kwa daktari wa upasuaji, kukubali kwamba dawa imemshinda kisu si jambo dogo.

Mwaka 1961 alitaka kujua ugonjwa unafika wapi. Pamoja na madaktari wamisionari Ted Williams na Cliff Nelson, alinunua gari kuukuu la Ford kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walizunguka kilomita 16,000 hivi hadi Afrika Kusini, wakiingia hospitali karibu 60 na picha mkononi. Safari nzima haikufika pauni 700! Walikuta kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na karibu na ikweta hauonekani sana juu ya mita 1,500.

Bukavu iko karibu na mpaka huo. Uvira na bonde la Ruzizi ziko chini kabisa. Mara nyingi dalili ya kwanza ni meno kulegea, na wazazi hupeleka mtoto ang'olewe jino, franga zinakwisha na siku zinapotea wakati dawa ingeweza kumponya.

Burkitt aliondoka Uganda 1966, akafariki Uingereza Machi 23, 1993.