Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 aliyeipa dunia harufu ya vanila

Mtu akinunua chupa ya marashi dukani huko Marabo, kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda, anasoma juu yake jina la kampuni. Mara nyingi harufu tamu inayobaki kwenye nguo hata jioni ni ya vanila. Lakini jina la mtu aliyewezesha vanila kuzaa mbali na kwao halimo kwenye chupa hiyo. Aliitwa Edmond Albius. Alizaliwa mtumwa, akatajirisha kisiwa kizima, akafa maskini.

Alizaliwa mwaka wa 1829 huko Sainte-Suzanne, kwenye kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagascar. Wakati huo kisiwa hicho kilikuwa koloni la Ufaransa na kiliitwa Bourbon. Wazazi wake, Mélise na Pamphile, walikuwa watumwa, na mama yake alikufa akimzaa. Mtoto hakupewa jina la ukoo, maana mtumwa hakuwa na haki hiyo. Aliitwa Edmond tu.

Alilelewa kwa Féréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba la Belle-Vue, mzungu aliyependa sana mambo ya mimea. Edmond hakupelekwa shule, na hakujua kusoma wala kuandika. Lakini alimfuata bwana wake bustanini, akajifunza majina ya maua na namna kila ua linavyofanya kazi. Huko alionyeshwa pia jinsi ya kukutanisha kwa mkono ua dume na ua jike la mmea mmoja wa jamii ya matikiti, ili uzae.

Katika bustani hiyo kulikuwa na mmea wa vanila uliopanda mti kwa miaka karibu 20 bila kuzaa hata mara moja. Haikuwa shida ya Belle-Vue peke yake. Vanila ni ua la msituni, na kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na kabla ya jioni limekwisha kunyauka. Ndani yake sehemu ya dume na ya jike zimekaa karibu sana, lakini zimetenganishwa na kijiwambo chembamba. Huko Mexico wako wadudu wanaoweza kupita hapo na kubeba chavua. Kwingine hawapo. Ndiyo sababu, kwa miaka zaidi ya 300 tangu Wahispania walipoijua vanila, Mexico iliendelea kuwa karibu nchi pekee ya kuiuza.

Wataalamu wa Ulaya walitafuta njia. Mwaka wa 1837, Charles Morren, profesa wa mji wa Liège nchini Ubelgiji, alifaulu kuifanya vanila izae kwa mkono. Hata hivyo, njia yake ilibaki kazi ya wataalamu na haikuwafaa walimaji wenye maelfu ya maua ya kushughulikia asubuhi moja.

Mwaka wa 1841, Bellier-Beaumont alikuwa akitembea bustanini pamoja na Edmond. Ghafla akaona tunda kwenye ule mmea wa vanila. Edmond, aliyekuwa na miaka 12, akamwambia kwamba ni yeye aliyefanya kazi hiyo. Bwana wake hakumsadiki. Siku chache baadaye likaonekana tunda lingine, na hapo akamwomba amwonyeshe alivyofanya.

Kijana akachukua kijiti chembamba. Akapasua ua upande mmoja, akainua kile kijiwambo kwa ncha ya kijiti, kisha kwa kidole gumba akabonyeza sehemu ya dume juu ya sehemu ya jike. Kazi yote ilichukua sekunde chache. Hakuhitaji dawa wala mashine.

Bellier-Beaumont akawaandikia majirani zake. Edmond akawa anapelekwa kutoka shamba moja hadi lingine kuwafundisha watumwa wengine. Mwaka wa 1848 kisiwa kiliuza Ufaransa kilo 50 tu za vanila. Kufikia mwaka wa 1858 zilikuwa tani 2, na mwaka wa 1867 tani 20. Mwaka wa 1898 zilifika tani 200, na Réunion ikawa imeipita Mexico. Kutoka hapo njia ya Edmond ikavuka hadi Madagascar na Komoro. Mpaka leo vanila ya visiwa hivyo huitwa ya Bourbon, kwa jina la zamani la kisiwa chake.

Wenye viwanda vya marashi nao walipata faida. Nyumba ya Guerlain ya Paris ilitoa Jicky mwaka wa 1889 na Shalimar mwaka wa 1925, marashi mawili yanayojulikana duniani kwa harufu yenye vanila. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 1874 wataalamu wawili Wajerumani, Tiemann na Haarmann, walijua kutengeneza harufu hiyo kiwandani, na marashi mengi ya bei ndogo hutumia ile ya kiwandani. Lakini watu wasingeitafuta harufu hiyo sana kama vanila ya shamba isingekuwa imeenea kwanza.

Na Edmond je? Tarehe 20 Desemba 1848 utumwa ulifutwa huko Réunion. Akapata uhuru, na jina la ukoo: Albius. Hakupewa shamba wala malipo kwa kazi aliyoifanya. Akaenda mji wa Saint-Denis kutafuta maisha, akawa mtumishi wa jikoni. Huko aliingia katika kesi ya wizi wa vitu vya thamani, akahukumiwa kifungo cha miaka mingi. Mwamuzi mmoja wa Sainte-Suzanne alimwandikia gavana, akimkumbusha kwamba kisiwa kilikuwa kikitajirika kwa ajili ya mfungwa huyo. Edmond akaachiliwa kabla ya muda wake.

Hata sifa ya ugunduzi ilitaka kumponyoka. Jean-Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea mwenye jina kubwa kisiwani, alidai kwamba ni yeye aliyeleta njia hiyo na kwamba kijana huyo aliiona kwake. Wengi walikuwa tayari kumsadiki mzungu mwenye elimu kuliko mtumwa wa zamani asiyejua kusoma. Aliyemtetea ni Bellier-Beaumont. Aliandika barua akieleza mambo yalivyokuwa, akauliza kwa nini Richard alinyamaza miaka yote hiyo. Leo wanahistoria wanakubali kwamba kazi ni ya Edmond.

Alirudi karibu na Belle-Vue, akaoa, mkewe akafa kabla yake. Tarehe 9 Agosti 1880 alikufa katika nyumba ya wagonjwa maskini huko Sainte-Suzanne, akiwa na miaka 51. Maombi ya kumpatia msaada wa serikali hayakuzaa kitu. Siku hizi mji huo una sanamu yake.

Kwetu habari hii si ya mbali. Vanila inalimwa Beni na katika jimbo la Ituri, na ng'ambo ya Rwenzori huko Bundibugyo na Kasese, Uganda. Wadudu wa Mexico hawapo huku pia. Kwa hiyo kila asubuhi ya msimu wa maua, mlimaji anapita mti kwa mti na kijiti mkononi, akifanya kile alichofanya Edmond. Kisha anangoja karibu miezi 9 tunda likomae, na miezi mingine ya kulikausha. Kilo moja ya vanila kavu hutoka katika kilo zaidi ya 5 za mbichi.

Kabla ya kuweka mzigo huo kwenye mzani wa mnunuzi, ni vizuri mlimaji ajue kwamba tangu mwanzo thamani ya vanila ilitoka katika mkono wa mtu kama yeye, na kwamba mtu huyo hakulipwa.