Denis Pritt: Wakili aliyepigana vita mlangoni mwa mahakama

Mgeni anayefika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo katika pwani ya kusini, haingii vivi hivi. Hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na kuelezwa masharti ya mahali hapo, ndipo aongozwe kuingia msituni. Msitu huo, ambao uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda kuwa turathi ya dunia, umehifadhiwa kwa sababu wazee wake walishika mlango.

Mahakama nayo ina mlango wake. Mkazi wa Kinondo anayefunga safari hadi Kwale kwa kesi ya shamba, akaambiwa kwamba kesi imetajwa tu na itarudi mwezi ujao, hudhani siku yake imepotea bure. Kumbe katika vikao hivyo vifupi ndimo huamuliwa nani atasikiliza kesi, itasikilizwa wapi, shtaka linasemaje hasa na kila upande utaonyeshwa ushahidi gani mapema.

Katika historia ya Kenya, hakuna aliyeulinda mlango huo kwa ukaidi kumpita Denis Nowell Pritt, wakili Mwingereza aliyeongoza utetezi wa Jomo Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria.

Pritt alizaliwa London mwaka 1887 na kuanza kazi ya uwakili mwaka 1909. Kufikia mwaka 1927 alikuwa amepandishwa na kuwa miongoni mwa mawakili wakuu wa Mfalme. Angeweza kustarehe na kesi za matajiri, lakini aligeukia siasa za mrengo wa kushoto, akawa mbunge wa eneo la Hammersmith Kaskazini kuanzia mwaka 1935 hadi mwaka 1950.

Mapema katika miaka ya 1930 alimwakilisha Ho Chi Minh, mwanamapinduzi wa Vietnam aliyekamatwa Hong Kong mwaka 1931. Wafaransa walimtaka, na kukabidhiwa kwao kungemaanisha kifo. Hoja mbele ya Baraza la Rufaa mjini London haikuwa iwapo Ho alikuwa mkomunisti, bali iwapo serikali ya koloni ilikuwa na mamlaka ya kumfukuza kwa njia itakayomtia mikononi mwa adui zake. Shauri hilo lilimalizwa kwa maafikiano mwaka 1932, kabla ya rufaa kusikilizwa. Ho akaponea chupuchupu, na baadaye akawa rais wa nchi yake.

Miaka 20 baadaye zamu ya Kenya ikafika. Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walitiwa mbaroni, kisha wakashtakiwa kwa kusimamia chama haramu cha Mau Mau.

Serikali ilichagua kuwashtaki Kapenguria, zaidi ya kilomita 800 kutoka Kinondo na mbali mno na Nairobi, walikokuwa mawakili na mashahidi wa utetezi. Mji huo mdogo ulikuwa katika eneo lililofungwa, na aliyetaka kuingia alihitaji kibali. Mawakili walilazimika kulala Kitale, umbali wa kilomita 40 hivi, na kusafiri kila siku. Chumba cha darasa ndicho kilichogeuzwa kuwa mahakama.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerejeshwa kazini kwa kesi hiyo. Wanahistoria wameandika kwamba Thacker alilipwa kwa siri pauni 20,000 na serikali ya koloni. Kwa maneno mengine, kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa, serikali ilikuwa imekwisha kuchagua uwanja na mwamuzi.

Pritt alifika akiwa na umri wa miaka 65. Pamoja naye walikuwa Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, na mawakili wa hapa Kenya, miongoni mwao Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh.

Jambo la kwanza alilolishikilia ni hati ya mashtaka. Mtu anayeambiwa kwamba amesimamia chama haramu ana haki ya kuelezwa amekisimamia lini, wapi na kwa kitendo gani. Bila maelezo hayo, mshtakiwa hupigana na kivuli, kwani hajui amwite shahidi yupi wala siku ipi aieleze alikuwa wapi.

Alipinga pia masharti yaliyowatatiza mawakili. Simu ya maandishi aliyowapelekea wabunge nchini Uingereza, akilalamika juu ya kunyimwa haki, ilimletea shtaka la kudharau mahakama. Kesi ya Kapenguria ikasimama, Pritt mwenyewe akajibu shtaka Nairobi na kuachiliwa, kisha akarudi kuendelea na utetezi.

Hata mkalimani hakumpita. Dkt Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyezaliwa miongoni mwa Wakikuyu na kukijua vyema Kikuyu, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Pritt alidai kwamba Leakey alikuwa ameegemea upande mmoja, na Leakey akajiondoa. Wengine waliona ni ukorofi wa wakili. Lakini mshtakiwa anayetafsiriwa visivyo huweza kufungwa kwa maneno ambayo hakuyasema.

Hayo yote hayakuwaokoa. Aprili 8, 1953, Thacker aliwapata wote sita na hatia na kuwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Hata hivyo, mbegu zilizopandwa mlangoni ziliota. Wakati wa rufaa, utetezi ulionyesha kwamba Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Julai 1953, Mahakama Kuu ya koloni ilikubali hoja hiyo na kutangaza kesi nzima kuwa batili. Kazi ya miezi mitano, pamoja na mashahidi wake wote, ilianguka kwa swali moja la mamlaka ambalo lingeweza kujibiwa siku ya kwanza.

Furaha hiyo haikudumu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliubatilisha uamuzi huo mwaka huo huo. Mwaka 1954 Oneko alifutiwa hatia, lakini hakuachiliwa huru, bali aliendelea kuzuiliwa. Na mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkuu wa serikali, alikiri kwa kiapo kwamba alidanganya.

Hapo ndipo panapoonekana mpaka wa kazi ya wakili. Maelfu ya wengine waliwekwa katika kambi kama ile ya Mackinnon Road, mahali ambapo leo pamo katika Kaunti ya Kwale, bila hata hakimu wa kumpinga. Mlango ukifungwa kabisa, ufasaha haufui dafu.

Mwaka 1954 Pritt alikwenda Singapore kuwatetea wanafunzi wa chuo kikuu walioshtakiwa kwa uchochezi kutokana na gazeti lao la Fajar, akisaidiwa na wakili kijana Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa baadaye. Wanafunzi hao waliachiliwa bila hata kuitwa kujitetea.

Si kwamba marehemu hakuwa na doa. Huyu aliyekagua kila herufi ya hati ya mashtaka Kapenguria ndiye aliyezisifu kesi za Moscow za mwaka 1936, ambamo Stalin aliwaangamiza wapinzani wake. Mwaka 1940 alifukuzwa kutoka Chama cha Leba kwa kuunga mkono uvamizi wa Muungano wa Sovieti nchini Finland. Jicho lililoona kasoro za wakoloni lilifumbwa mbele ya kasoro za marafiki zake, na hilo ni onyo kwa kila mwanasheria.

Pritt alifariki mwaka 1972. Jina lake limebaki katika barabara ya Denis Pritt mjini Nairobi, ambayo wengi huipita bila kujua ni ya nani.

Mengi aliyoyapigania leo yameandikwa katika Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010: mshtakiwa aelezwe shtaka kwa kina, apewe muda wa kujiandaa, aonyeshwe mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, na apate mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha ya mahakama.

Lakini haki isiyodaiwa mapema huweza kupotea kimya kimya. Kijana wa Kinondo anayesomea sheria, pamoja na mzee anayesubiri kesi yake itajwe, wakumbuke kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Siku ya kutajwa nayo ni siku ya kesi.