Johannes Rebmann na Theluji ya Kilimanjaro

Johannes Rebmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1820, akafika pwani yetu mwaka 1846, akakaa Rabai karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda nchi ya Wachaga, aliona weupe juu ya mlima Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita weupe ule baridi tu. Rebmann, aliyekulia penye theluji, akaitambua mara moja.

Habari ilipofika London, bwana Cooley, mjuzi wa ramani za Afrika ambaye hakupata kulikanyaga bara hili, aliikataa kabisa, akidhani macho ya mmisionari yamemdanganya. Hatumlaumu kwa kutia shaka: hata sisi tukaao Temeke, na joto letu hili, tungaliuliza. Walakini yeye aliviuliza vitabu vyake tu. Baron von der Decken naye alitaka hakika, lakini alikwenda mwenyewe. Mwaka 1862 alipanda hata yapata meta 4,200, na theluji ikamwangukia. Cooley hakusadiki bado.

Rebmann alirudi kwao mwaka 1875, naye amekwisha kuwa kipofu. Akafa mwaka uliofuata.