Fritz Pollard: Nyota mweusi wa mabingwa wa 1920 aliyefungiwa mlango

Mwaka 1920 ligi inayojulikana leo kama NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ilicheza msimu wake wa kwanza. Bingwa alikuwa timu ya Akron, na nyota wake alikuwa kijana mweusi, Fritz Pollard. Miaka 14 baadaye ligi hiyohiyo haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Ilikuwaje?

Mtoto wa kinyozi

Jina lake kamili lilikuwa Frederick Douglass Pollard. Alizaliwa Chicago tarehe 27 Januari 1894, baba yake akiwa kinyozi na mama yake mshonaji. Walimpa jina la Frederick Douglass, mtu aliyetoroka utumwani akawa mtetezi mashuhuri wa haki za watu weusi.

Mpira wa Kimarekani si soka tunayoijua. Mpira wake umechongoka pande mbili, na wachezaji huubeba mikononi. Kila timu huwa na watu 11 uwanjani, na kazi yao ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani. Anayeubeba huangushwa chini kwa nguvu, kwa hiyo wengi huwa na miili mikubwa. Pollard alikuwa na kilo 75 hivi tu. Silaha yake ilikuwa mbio na chenga.

Chuo Kikuu cha Brown ndicho kilichomtoa. Tarehe 1 Januari 1916 alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza Rose Bowl, pambano maarufu la vyuo huko California. Brown walifungwa, lakini baadaye mwaka huohuo Pollard aliwaongoza kuzishinda Yale na Harvard, vyuo viwili vilivyoogopwa sana.

Msimu wa 1920

Mwaka 1919 alijiunga na timu ya Akron, katika jimbo la Ohio. Huo ni mji wa viwanda vya matairi, ndiko zilikoanzia kampuni za Goodyear na Firestone. Septemba 1920 wenye timu walikutana katika duka la magari mjini Canton, jirani na Akron, wakaanzisha ligi. Msimu huo ligi nzima ilikuwa na wachezaji weusi wawili tu: Pollard na Bobby Marshall wa Rock Island.

Akron walianza kwa kuwafunga Wheeling 43-0. Waliwashinda Canton mara mbili, timu ya Jim Thorpe, mwanamichezo aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote nchini. Tarehe 12 Desemba walikwenda Chicago kupambana na Decatur, wakatoka suluhu bila kufungana. Hesabu ya msimu ikawa ushindi mara 8, sare 3, na hawakupoteza mechi hata moja. Kwa msimu mzima waliruhusu pointi 7 tu.

Siku hizo hapakuwa na fainali. Decatur na Buffalo nao walidai ubingwa, ingawa kila timu ilikuwa imepoteza mechi moja. Aprili 1921 viongozi wa ligi walipiga kura, na kombe likaenda Akron.

Gharama ya ushindi

Uzeeni Pollard alisimulia kwamba Akron alikuwa akivalia jezi katika kiwanda cha sigara cha mmoja wa wenye timu, si pamoja na wenzake, kisha gari humpeleka uwanjani. Mashabiki walimtukana. Wapinzani walimrukia hata baada ya kuanguka, kwa hiyo alijifunza kugeuka chali haraka na kuinua miguu, ili anayekuja akutane na meno ya daluga.

Mwaka 1921 Akron walimpa ukocha kwa kushirikiana na Elgie Tobin, huku akiendelea kucheza. Hivyo akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza katika ligi hiyo. Mmoja wa waliocheza naye alikuwa Paul Robeson, ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa uimbaji, na aliyejifunza Kiswahili alipokuwa London.

Mlango wafungwa

Pollard alicheza mara ya mwisho katika ligi hiyo mwaka 1926. Wachezaji weusi waliobaki walizidi kupungua, na kuanzia 1934 hadi 1945 hakusajiliwa hata mmoja. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, na wenye timu walikana kwamba kuna makubaliano yoyote. Lakini misimu 12 mfululizo haiwezi kuwa bahati mbaya.

Pollard hakukaa kimya. Aliunda timu ya wachezaji weusi huko Chicago, na katika miaka ya 1930 alifundisha timu ya Brown Bombers mjini New York, ili vijana waliokataliwa wapate pa kuonyesha uwezo. Pia alianzisha gazeti.

Mlango ulifunguliwa tena 1946, pale Rams walipohamia Los Angeles. Walitaka kutumia uwanja wa umma, na waandishi weusi wakahoji kwa nini uwanja wa kodi ya wote utumiwe na timu inayobagua. Rams wakawasajili Kenny Washington na Woody Strode. Kwa upande wa makocha, kusubiri kulikuwa kurefu zaidi: kocha mkuu mweusi aliyefuata, Art Shell, aliteuliwa 1989, miaka 68 baada ya Pollard.

Pollard hakuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 11 Mei 1986, akiwa na miaka 92. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 2005. Jumba hilo liko Canton, mji uleule ilikoanzishwa ligi.