Maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya, Mtumishi wa Boga



Tulipoanza kukiandaa kijitabu hiki cha yubile ya miaka 25, tulikuwa na mengi ya kujaza kurasa: nyimbo tulizoimba, safari tulizokwenda, walimu wa kwaya waliotulea, sare tulizobadilisha. Hayo yote mtayasoma kurasa za mbele. Lakini mzee mmoja wa kanisa alituuliza swali lililotunyamazisha kikaoni. Alitaka kujua kama miaka hiyo 25 imetufanya kuwa watu bora, au imetufanya waimbaji bora tu. Hakuna aliyemjibu siku ile. Ndipo tukaamua kuweka humu maisha ya mtu mmoja wa Afrika Mashariki, tuyatumie kama kioo. Mtu huyo ni Apolo Kivebulaya, ambaye kanisa letu la Kianglikana humkumbuka kila tarehe 30 Mei.

Kuzaliwa na ujana wake

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujana wake aliupitia wakati nchi yake imegawanyika vibaya. Katika miaka ya 1888 hadi 1890 watu wa dini mbalimbali walishika silaha na kupigana wenyewe kwa wenyewe huko Buganda. Waswa mwenyewe aliwahi kukaa chini ya mwalimu wa Kiislamu, kisha akasikia mahubiri ya wamishenari, na akawa askari. Hakulelewa katika nyumba ya kasisi, wala hakukua akiimba Shule ya Jumapili kama wengi wetu. Alimjia Kristo akiwa mtu mzima ambaye ameshaona damu ikimwagika kwa jina la dini.

Alibatizwa Januari 1895, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akachagua jina la Apolo, yule mhubiri hodari tunayemsoma katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa utani. Alikuwa na koti alilolivaa na kanzu yake, na kwa kuwa koti lile lilitoka Ulaya, ambayo Waganda huiita Bulaya, watu wakambandika jina la kitu kitokacho Ulaya. Jina la utani likamshika mpaka kaburini. Lakini kazi yake yote aliifanya kama Mwafrika akiwaendea Waafrika wenzake.

Kuvuka Semliki

Mwaka uleule wa ubatizo wake, Apolo alitumwa kuwa mwalimu katika ufalme wa Toro. Mwaka 1896 alivuka milima ya Rwenzori na bonde la mto Semliki, akapanda mpaka Boga, ambayo leo iko katika mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Waganda wawili walikuwa wamemtangulia huko kama walimu, lakini maisha yaliwashinda. Chifu wa mahali pale, Tabaro, hakuona sababu ya kuwalisha wageni waliokuja kumweleza jinsi ya kuishi.

Apolo alijifunza kutokana na hayo. Alibeba jembe. Alipofika alilima shamba lake mwenyewe, akala jasho lake, akafundisha watu kusoma na kuomba. Hapa tungependa tutulie kidogo. Sisi tunaotoka kuinjilisha huwa tunapiga simu kwanza kuuliza chakula kitakuwa kipi na tutalala wapi. Si vibaya kuuliza. Lakini kuna mlango unaofunguka mbele ya mgeni mwenye jembe begani, na mlango huo humfungii mtu anayekuja kulishwa.

Tena hakuwa kwao. Watu wa Boga ni Wahema, lugha yao si Kiganda, na Waganda wa siku zile walijulikana kwa kujiona juu ya makabila mengine. Apolo alijifunza kusema kama wao. Nasi hapa Kitengela, ambako katika benchi moja wanakaa Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu, Mluo, Mluhya na Mkisii, tunajua si jambo dogo mtu kuacha lugha ya nyumbani kwake ili mwenzake asijione mgeni.

Minyororo

Mahubiri yake yalimuudhi Tabaro. Apolo aliongea waziwazi juu ya ulevi, hirizi na wingi wa wake, na chifu aliona heshima yake inapungua mbele ya watu wake. Kisha likatokea jambo la kuhuzunisha. Mwanamke mmoja wa jamaa ya chifu alikufa kwa ajali, baada ya kuangukia mkuki uliokuwa nyasini. Tabaro akamsingizia Apolo kwamba ndiye aliyemuua. Mwalimu yule akafungwa minyororo, akarudishwa Toro kama muuaji, akatiwa gerezani. Ushahidi ukakosekana, akaachiliwa.

Katika siku hizo za dhiki Apolo alisimulia kuwa alimwona Bwana Yesu, aking'aa kama jua, akimwambia asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Hatuna haja ya kuongeza neno juu ya ono hilo. Tunatazama tu alichokifanya baadaye, maana mti hujulikana kwa matunda. Mtu aliyesingiziwa kuua na kufungwa kwa kosa ambalo hakulifanya angeweza kubaki Toro na kufundisha huko kwa amani. Hakuna ambaye angemlaumu. Apolo alirudi Boga, kwa chifu yuleyule.

Mambo hayakuwa rahisi. Alipigwa kwa amri ya Tabaro. Hata hivyo hakujibu kwa ngumi, ingawa alikuwa askari wa zamani aliyejua kupigana. Hakumsema chifu vibaya kwa watu wake, wala hakukusanya kundi la kumpinga. Aliendelea kulima, kufundisha na kuomba. Mwishowe Tabaro mwenyewe akalainika, akaja kufundishwa, akabatizwa. Jina alilochukua ni Paulo, jina la mtu mwingine aliyelitesa kanisa kabla ya kulitumikia.

Tuseme ukweli wetu

Tulipofika hapa katika kusoma maisha yake, kikao chetu kilinyamaza kwa mara ya pili, na sababu yake tunaiandika hapa ili isiwe siri ya wachache.

Miaka kadhaa iliyopita kwaya hii ilichanga fedha za sare. Hesabu ilipokosa kulingana, tulimshuku mweka hazina wetu, ndugu aliyeimba besi nasi tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemshtaki kwa sauti. Tulifanya vibaya zaidi: tulimnyamazia. Tuliacha kumpa zamu ya kuongoza maombi, tukaacha kumpigia simu, mpaka siku moja hakuja mazoezi, na wiki iliyofuata hakuja kanisani. Baadaye stakabadhi ya fundi ilipatikana katikati ya kurasa za daftari la zamani la nyimbo. Fedha zilikuwa zimelipwa zote. Tuliifurahia stakabadhi, tukafunga hesabu, tukaendelea kuimba. Hatukumwendea.

Katika habari ya Boga, kwa hiyo, sisi hatukuwa upande wa Apolo. Tulikuwa upande wa Tabaro, tena Tabaro kabla ya ubatizo. Mwezi mmoja kabla ya yubile hii, wanakwaya wanne pamoja na mzee wa kanisa walikwenda nyumbani kwa ndugu yetu kuomba msamaha. Alitukaribisha chai, akatusikiliza, akasema atalifikiri jambo hilo. Hajarudi bado, na hana deni lolote kwetu la kurudi. Jina lake mtalikuta katika orodha ya waanzilishi wa kwaya, mahali pake palepale panapostahili.

Kasisi asiye na makuu

Turudi kwa Apolo. Alitawazwa kuwa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi baada ya hapo alihudumu upande wa Toro, akitembea kwa miguu kutoka kanisa hadi kanisa, mpaka karibu mwaka 1915, mipaka ya Waingereza na Wabelgiji ilipokwisha kupangwa, akarudi Boga moja kwa moja. Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Wengi wakipata cheo kama hicho husogea karibu na mji. Kanoni Apolo alibaki pembeni mwa msitu.

Hakuoa. Nyumba yake ilikuwa na vijana aliowalea na kuwafundisha, na wengi wao wakawa walimu wa neno. Alichopokea alikitoa. Waliomjua walikumbuka uchangamfu wake, kwani hakuwa mtakatifu wa uso uliokunjamana.

Karibu mwaka 1921, umri ukiwa umeshapita miaka 50, alianza kazi mpya kabisa. Aliingia msitu wa Ituri kuwaendea Wambuti, watu wafupi wa msituni ambao majirani zao waliwadharau na kuwaona kama nusu watu. Apolo alikaa nao, akawafundisha, akawabatiza. Injili ya Marko aliitafsiri katika lugha yao. Mtu ambaye jirani humpima kwa kimo chake aliambiwa na Apolo kwamba Mungu anamjua kwa jina, na aliambiwa hivyo kwa lugha ya mama yake.

Kaburi linalotazama magharibi

Mwaka 1933 Apolo aliugua moyo, akatibiwa katika hospitali ya Mengo, Kampala. Alipojua kuwa hatapona, hakutaka kufia mjini kati ya jamaa na madaktari. Aliomba arudishwe Boga. Safari ilikuwa ndefu kwa mgonjwa, lakini alifika, na akafa huko tarehe 30 Mei 1933.

Aliacha agizo moja juu ya maziko yake. Ilizoeleka mtu azikwe akielekezwa upande wa kwao, na kwao Apolo kulikuwa mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ilikuwa bado haijamalizika huko. Ndivyo alivyozikwa.

Kazi haikufa naye. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa la Kianglikana la Kongo likawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake. Lakini nchi ile imeteseka sana kwa vita. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ya kumbukumbu ya Apolo ikiwa ndiyo kwanza imepita, Boga ilishambuliwa na watu wengi wakauawa. Tunaomba mikutano yetu ya maombi isiisahau Boga, nasi tusiwasahau ndugu Wakongo wanaoabudu nasi hapa mjini, ambao tunawasalimia mlangoni kisha hatuwaulizi habari za nyumbani.

Tunachojifunza

Tukimtazama Apolo, tunaona kwamba wema wake haukutokana na kipaji. Hakuna anayemkumbuka kwa sauti nzuri wala kwa elimu kubwa. Alilima ili asiwe mzigo. Alisema lugha ya wenyeji. Alirudi kwa aliyemdhulumu. Aliwatafuta waliodharauliwa. Alikataa kustarehe baada ya kupata cheo. Mambo hayo matano hayahitaji kinanda wala spika, na kila mmoja wetu anaweza kuanza Jumatatu asubuhi, awe mwalimu, mwendeshaji bodaboda, mfanyakazi wa shamba la maua, mfugaji au mfanyabiashara wa soko.

Na sisi tuna msitu wetu. Kwa miaka 25 tumeimba zaidi kando ya barabara kuu ya Namanga, mahali penye umeme na viti vya kukodi. Ukiacha lami pale Isinya, au ukipita mji wa Kajiado kuelekea Bissil, kuna makutaniko yanayokusanyika chini ya mti wa mgunga, na mengi hayajawahi kutembelewa na kwaya yoyote. Ni jirani zetu waliopoteza ng'ombe kwa mamia katika ukame wa 2022, nasi tulisikia habari zao redioni. Kwa hiyo kamati imekubaliana kwamba sadaka ya leo haitanunua sare mpya. Itatupeleka huko, mara moja kila mwezi kwa mwaka mzima. Tutajifunza nyimbo za Kimaasai kwa wenyewe kabla ya kuwafundisha zetu, na chakula chetu tutakibeba.

Bwana atupe miguu ya kwenda, na unyenyekevu wa kurudi kwa wale tuliowakosea.