Wilhelm Grimm: Kalamu iliyombadilisha mama mzazi kuwa wa kambo

MAMA wa kambo mwenye roho ya chuki anajulikana kokote zilikofika hadithi za Ulaya. Wachache wanajua kuwa katika baadhi ya hadithi hizo alikuwa mama mzazi hapo awali, na kwamba aliyembadilisha ni Wilhelm Grimm.

Wilhelm alizaliwa mnamo Februari 24, 1786 mjini Hanau, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Kakake, Jacob, alimzidi kwa mwaka mmoja tu. Baba yao, aliyekuwa mwanasheria, alifariki mwaka wa 1796 na kuiacha familia katika dhiki. Vijana hao walisomea sheria mjini Marburg, lakini nyoyo zao zilivutwa na lugha na fasihi ya kale.

Juzuu ya kwanza ya ngano walizokusanya ilitoka mwaka wa 1812 ikiwa na hadithi 86. Wengi hudhani walizunguka vijijini wakiwasikiliza wakulima. La hasha! Wasimulizi wao wengi walikuwa mabinti wa familia za kujiweza mjini Kassel. Hata Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani waliyemsifu sana, alikuwa wa ukoo wa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Hadithi ya paka aliyevaa buti iliondolewa baadaye kwa kuwa ilishabihiana mno na ile ya Mfaransa Charles Perrault ya mwaka wa 1697.

Kuanzia toleo la 1819, kazi ya uhariri ilimwangukia Wilhelm. Wakosoaji walilalamika kuwa kitabu hakiwafai watoto. Katika toleo la kwanza, Rapunzel anauliza mbona nguo zinambana, na msomaji anatambua kuwa ni mjamzito. Wilhelm alilifuta swali hilo. Malkia anayetaka Snow White auawe alikuwa mamake mzazi. Mwaka wa 1819 akawa wa kambo. Mama wa Hansel na Gretel, aliyeshawishi watoto watupwe msituni kwa sababu ya njaa, naye aligeuzwa vivyo hivyo katika toleo la 1840.

Wataalamu wengi wanaona kuwa alitaka kuilinda heshima ya mama. Heshima hiyo ililipiwa na mama wa kambo, na ukweli mchungu kuhusu yale ambayo njaa huweza kumfanyia mzazi ukafunikwa. Ajabu ni kuwa ukatili hakuugusa sana: malkia yule bado anavishwa viatu vya chuma chenye moto na kucheza hadi kufa.

Mhariri huyu aliyeogopa mimba hakumwogopa mfalme. Mwaka wa 1837, yeye na Jacob walikuwa miongoni mwa maprofesa saba wa Göttingen waliofutwa kazi kwa kupinga hatua ya mfalme wa Hannover ya kubatilisha katiba.

Baadaye ndugu hao walihamia Berlin, wakiandika kamusi kubwa ya Kijerumani. Wilhelm alifariki Desemba 16, 1859, akiwa amekamilisha herufi D. Miaka miwili awali, alikuwa ametoa toleo la saba la ngano, lenye hadithi 200 pamoja na visa 10 vya kidini. Hilo ndilo lililotafsiriwa zaidi duniani, na ndani yake hamna hata dalili ya mimba ya Rapunzel kabla ya kufukuzwa mnarani.