Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyesaka maradhi kwenye ramani

Kwa muda mrefu, mgonjwa wa vidonda vya tumbo aliambiwa kwamba chanzo ni chakula, wasiwasi au asidi iliyozidi. Karne nyingi zilizopita, matabibu wa Ayurveda huko Bara Hindi walikwisha kuandika juu ya maumivu yanayomwamka mtu wakati chakula kinasagwa tumboni, wakampa maziwa, samli na masharti ya mlo. Hospitali za Ulaya nazo, hadi katikati ya karne ya 20, ziliagiza maziwa. Miongoni mwa madaktari walioamini kwamba siri ya maradhi ya tumbo imo sahanini, mmoja alijifunza kazi hiyo hapa Afrika Mashariki. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na wenzake shuleni lilimpotezea jicho moja. Alianza kusomea uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, kisha akahamia udaktari. Idara ya Makoloni ilimkataa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfikisha Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapokelewa Uganda na kupelekwa Lira.

Huko Lira ndiko tabia yake ya maisha ilikoanzia. Aligundua kwamba mabusha aliyokuwa akiyapasua kila wiki yalikuwa mengi mno upande wa mashariki wa wilaya na machache upande wa magharibi. Daktari mwingine angeendelea kupasua tu. Burkitt alitaka kujua kwa nini ugonjwa unachagua mahali.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Haukuwa usaha wala jipu. Wiki chache baadaye, akiwa ziarani Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake nje, uso ukiwa umevimba vivyo hivyo. Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu ya peke yake; wawili walimtia shaka. Alipofukua kumbukumbu za hospitali akabaini kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa viungo vingine, ambao kila mmoja uliandikwa kwa jina lake, ulikuwa saratani ile ile. Aliichapisha habari hiyo mwaka 1958.

Kisha alituma dodoso kwa hospitali za serikali na za misheni barani. Oktoba 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alipanda gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri kwa wiki 10, umbali wa kilomita 16,000 hivi, hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani iliyopatikana ilionyesha ukanda wa nchi zenye joto na mvua ya kutosha. Nyanda za juu zenye baridi zilibaki nje. Vivyo hivyo nchi kavu: Lodwar na Ghuba ya Ferguson, kwenye Ziwa Turkana, zina joto la kutosha, lakini mvua yake kwa mwaka haifiki nusu ya kiwango kilichotakiwa na ramani hiyo. Hapo wataalamu wakaanza kufikiria mbu na malaria. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London vilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kuvitambua, mwaka 1964, virusi vinavyoitwa Epstein-Barr. Burkitt mwenyewe, asiye na mashine ya mionzi, aliwapa watoto dawa za saratani, na baadhi yao wakapona kabisa.

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Thomas Cleave, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, aliyedai kwamba sukari na unga uliokobolewa ndivyo mzizi wa maradhi mengi ya kizungu, vidonda vya tumbo vikiwemo. Burkitt aliyachambua madai hayo kwa njia yake ya zamani: kuuliza hospitali za vijijini. Kibole kilichovimba, bawasiri na saratani ya utumbo mpana vilikuwa nadra huko. Pamoja na wenzake alipima hata kinyesi, jambo lililochekesha wengi, na mwaka 1972 wakachapisha kwamba mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula chake kilipita tumboni kwa siku moja na nusu hivi. Kwa Mwingereza kilichukua zaidi ya siku tatu. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kilimpatia umaarufu duniani.

Hata hivyo, ramani huonyesha mahali; haitoi sababu. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha bakteria waliotoka tumboni mwa wagonjwa. Vidonda vingi vya tumbo na vya duodeni vilithibitika kusababishwa na bakteria hao, na leo hutibiwa kwa viuavijasumu pamoja na dawa za kupunguza asidi. Maelezo ya Cleave juu ya vidonda yaliporomoka.

Turkana nako kunaleta swali gumu. Mfugaji wa huko, anayeishi kwa maziwa, nyama na damu, hupata nyuzinyuzi kidogo sana. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wafugaji hao wana afya njema ya moyo na ya sukari mwilini kuliko ndugu zao waliohamia mijini. Burkitt alikuwa sahihi kwamba kuacha mlo wa asili kuna gharama; alikosea kuitwika nyuzinyuzi karibu mzigo wote.

Alifariki dunia Machi 23, 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82. Saratani yenye jina lake bado huwapata watoto wa pwani ya Kenya na wa kandokando ya Ziwa Victoria.